Andikeni na ya Nyumbani!

Nimekaa kimya kwa muda, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika programu nikaenda kuuza samaki. La, bado nipo :-) Ila leo sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kuna wimbo mnaoujua. Kila kijana aliyesoma akarudi kusaidia duka la babake anauimba: "Wazee hawataki mabadiliko. Wanaendesha biashara kwa daftari na kwa kichwa." Wazee nao wana wao: "Vijana wa siku hizi hawana utu. Wanataka watu wafanye kazi kama mashine." Mimi nimeuimba ule wa kwanza kwa miaka, maana ndio unaonipa riziki. Kijana aliyechoshwa na daftari la babake ndiye mteja wangu mzuri kuliko wote.

Leo nasema nyimbo zote mbili ni za kutudanganya. Katika biashara za familia, wazee na vijana hawagombani kuhusu daftari na tarakilishi. Wanagombana kuhusu nani ataandikwa na nani hataandikwa. Na katika jambo moja wamekubaliana kabisa, bila hata kikao: familia yenyewe isiandikwe.

Hebu niwaeleze nilivyolijua hili.

Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi huku Pwani. Si kubwa: wafanyakazi 9, lori moja, kaunta mbele, stoo nyuma. Mwishoni mwa 2023 mwanawe, yaani binamu yangu, alirudi kutoka Nairobi na shahada ya biashara. Akakuta duka linaendeshwa kwa madaftari 3 na kumbukumbu ya ami. Wakati huo KRA ilikuwa imeshatangaza kwamba kuanzia Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki, ile ya eTIMS, haitakubaliwa kwenye hesabu ya kodi. Binamu akaona nafasi imekuja. Kama serikali inataka ankara za kielektroniki, basi duka zima na liingie kwenye tarakilishi. Akanipigia simu.

Niliandika ile programu kwa wiki 6 na nilijivunia sana. Tarakilishi moja kaunta, simu moja stoo, kila mtu na neno lake la siri. Ili mfuko wa simiti utoke stoo ilibidi ubonyeze mteja ni nani na analipaje: taslimu, M-Pesa au mkopo. Basi. Hakuna njia ya nne. Nilidhani huo ndio uzuri wake.

Simu ya stoo ilikabidhiwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Stoo. Alianza kazi pale mwaka 2002, binamu akiwa bado anabebwa mgongoni. Wiki ya kwanza tu akanipigia.

"Mwanangu, hii simu haina pahali pa kuandika ya nyumbani."

Sikumwelewa vizuri. Nikamwambia nitaangalia. Nikaliweka kwenye orodha yangu ya maombi ya watumiaji, ombi namba 7: "Stoo anataka kitu cha nyumbani." Likakaa hapo. Nilikuwa na shughuli nyingine muhimu, nikichagua rangi za vitufe.

Miezi 3 baadaye binamu alichapisha ripoti. Kwa mujibu wa programu yangu, mifuko 46 ya simiti, mabati 31 na ndoo 12 za rangi zilikuwa zimepotea. Ziliingia stoo, hazikuuzwa, na hazipo. Akamwita Mzee wa Stoo pale kaunta, wateja wakiwa wamesimama.

"Mzee, hebu nieleze hii."

Mzee akaichukua ile karatasi, akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akasema, "Andikeni na ya nyumbani."

Binamu akadhani anakwepa swali. Kabla ya adhuhuri Mzee alikuwa ameshatolewa. Hakupewa barua, hakupewa nafasi ya kujieleza, hakulipwa hata siku za mwezi ule. Ami alikuwa kliniki, aliporudi aliambiwa, "Mfumo umemshika." Naye, mtu ambaye hakuwahi kuiamini hata kikokotoo, siku hiyo aliiamini tarakilishi. Akanyamaza. Nimefikiria sana kuhusu kule kunyamaza. Naona tarakilishi ilimwondolea taabu ya kumuuliza mwanawe maswali.

Wiki moja baadaye nilikwenda kurekebisha printa. Nikaingia stoo kutafuta orodha ya zamani ya bidhaa, na nyuma ya mlango nikakuta daftari limening'inizwa kwa uzi kwenye msumari. Mbele kulikuwa na hesabu za kawaida. Nilipoligeuza nikakuta kurasa za nyuma zimeandikwa kwa penseli, tarehe kwa tarehe:

"Mifuko 5, nyumbani, kisima."

"Mabati 20, nyumbani, kwa shangazi."

"Mifuko 12, nyumbani, ukuta wa bwana mdogo."

Bwana mdogo ndiye binamu yangu.

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikajumlisha. Katika ile miezi 3, mifuko 41 ilikwenda nyumbani na 3 ilipasuka ikishushwa kwenye lori. Mabati yote 31, nyumbani. Ndoo 9, nyumbani. Kwa hiyo zilizopotea kweli zilikuwa mifuko 2 na ndoo 3. Wanaofanya kazi ya stoo watawaambia kama hicho ni kiwango cha mwizi.

Yaani daftari la mzee ambaye sisi tuliosoma tulimwona wa kale lilikuwa na safu ambayo programu yangu haikuwa nayo. Na yeye alinipigia simu akaniambia. Watengenezaji programu mnaosoma hapa mnajua jambo hilo linaitwaje: mtumiaji aliripoti hitilafu, nasi tukamfukuza mtumiaji.

Nililipeleka daftari kwa ami. Alilisoma lote. Jioni ile alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee. Mzee alilipwa anachodai, pamoja na likizo za miaka ambazo hakuwahi kupewa. Lakini hakurudi kazini. Ami aliniambia maneno yake: "Nimesamehe. Ila nilisimamishwa mbele ya watu."

Sasa tuzungumze.

WAZEE KWANZA

Maneno yenu ni "hapa sisi ni familia moja". Sitayadharau, maana nimeyaona yakifanya kazi. Mwaka 2020, wakati wa corona na kafyu, ami hakumwachisha mtu hata mmoja. Alikata mishahara nusu, akaanza na pesa zake mwenyewe, na wote 9 walivuka. Mtoto wa dereva amesoma kwa karo iliyotoka kaunta. Mfanyakazi akifiwa, ami ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ofisi nilizofanyia kazi Nairobi hazikuwa na hayo. Huko ukiachishwa unapata barua pepe Ijumaa jioni.

Lakini wazee wangu, niambieni: ni familia gani ambamo mmoja wa wanafamilia hana mkataba, hana siku za likizo, hajui mshahara wake umehesabiwaje, na akisema "naomba haki yangu" anaitwa mtovu wa shukrani? Msaada wenu ni mzuri, ila mnautoa mnapopenda na kwa mnayempenda. Mtu anayeishi kwa hisani yako hawezi kukuambia umekosea. Ndiyo sababu Mzee wa Stoo aliandika ya nyumbani kwa penseli, kwenye kurasa za nyuma, badala ya kuja mbele ya kaunta kusema: "Bosi, watu wako wanamaliza stoo."

Na msijifiche nyuma ya neno "familia", kwa sababu sheria imeshalijua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 3, inaiacha nje biashara ya familia pale ambapo wafanyakazi pekee ni wategemezi wa mwenye biashara. Ni mke wako na watoto wako tu? Sawa, endesheni mambo yenu. Siku unapomwajiri mtu mmoja wa nje, umeingia ndani ya sheria. Kazi ya miezi 3 au zaidi inataka mkataba wa maandishi. Mshahara unataka hati inayoonyesha ulivyohesabiwa na kilichokatwa. Kila miezi 12 ya kazi ina likizo isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo. Haya si mambo ya vijana wa Nairobi. Yamekuwa sheria kwa karibu miaka 20 sasa.

SASA VIJANA WENZANGU, MSICHEKE

Nyinyi maneno yenu ni "utaalamu" na "mfumo". Vizuri. Ila nimewafanyia kazi wengi, na nimeona mnachoniagiza. Mnaagiza kamera iangalie kaunta, wala si ofisi ya nyuma. Mnaagiza wafanyakazi waweke alama ya kidole wakiingia saa mbili, huku nyinyi mkiingia saa tano. Mnaagiza mkopo wa mfanyakazi ukatwe wenyewe mwisho wa mwezi, lakini pesa uliyotoa kwenye droo kuweka mafuta ya gari haina hata mstari mmoja.

Binamu alipopata madaraka, jambo la kwanza alilofanya ni kusimamisha mikopo ya mishahara. "Hii si benki," akasema. Sawa. Lakini je, alitoa mikataba? Alitoa hati za mshahara? Alipanga likizo? Hakufanya hata moja. Alichukua ukali wa ofisi akaacha haki za ofisi. Babake naye alikuwa na wema wa familia bila wajibu wake. Kila kizazi kilichagua nusu iliyo nafuu kwake, na mfanyakazi akabaki katikati bila hisani na bila haki.

Na ule utaalamu wenyewe mmeusoma nusu. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema kabla hujamfukuza mtu kwa kosa, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na umsikilize. Kumsomea mtu ripoti ya tarakilishi mbele ya wateja si kumsikiliza. Kama binamu angefuata kifungu hicho kimoja, Mzee angeleta daftari lake na mambo yangeishia pale. Utaratibu ungelinda hata duka lenyewe. Kwa hiyo msiniambie mlikuwa mnaleta utaalamu. Mlileta tochi, mkaimulika upande mmoja.

Nilipomwonyesha binamu safu ya "nyumbani" kwenye toleo jipya la programu, unajua aliniuliza nini?

"Sasa wataka niombe ruhusa ya nani kuchukua mali ya babangu?"

Hakuna anayekuambia uombe ruhusa. Chukua. Ni mali yenu. Lakini andika umechukua, maana usipoandika, kuna mtu asiye wa ukoo wenu ambaye siku moja ataulizwa iko wapi.

"LAKINI SISI NI DUKA DOGO TU"

Wote wawili, mzee na kijana, huniambia hivi. Basi tutazame wakubwa, ambao nao walianza wadogo. Tuskys ilizaliwa Nakuru, kazi ya baba mmoja, Joram Kamau. Baada ya yeye kufariki mwaka 2002, wanawe waliikuza ikawa miongoni mwa supamaketi kubwa kabisa nchini. Kisha ndugu wakapelekana mahakamani kuhusu pesa na uendeshaji, na kufikia 2020 matawi yalikuwa yanafungwa huku wasambazaji wakidai pesa zao. Sisemi ugomvi wa ndugu ndio peke yake ulioiangusha. Nasema waliosimama milangoni mwa yale matawi siku ya mwisho hawakuwa ndugu hao. Walikuwa watu wa kaunta na wa stoo.

Naivas nayo ilianza na familia, huko Rongai, Nakuru, na nayo ilikuwa na mvutano wa ndugu uliofika mahakamani. Lakini mwaka 2020 iliuza sehemu ya hisa zake kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 wawekezaji wakiongozwa na IBL ya Mauritius wakanunua asilimia 40. Msininukuu vibaya, siwasifii matajiri. Nawauliza tu: ni nani atakayenunua asilimia 40 ya duka ambalo hata mwenyewe hajui simiti ngapi zimekwenda kwa shangazi?

NA SISI WATENGENEZA PROGRAMU

Sisi ndio wabaya zaidi, kwa sababu tunajifanya hatuna upande. "Mimi natengeneza tu kile mteja anachotaka." Uongo mtupu. Unapoamua jedwali liwe na safu gani, umeshaamua nani ataonekana na nani atajificha. Anayelipa ni mtoto wa mwenye duka, kwa hiyo tunamtengenezea programu isiyomwona mtoto wa mwenye duka. Halafu inatoa ripoti nadhifu yenye michoro ya rangi, na ripoti nadhifu ina nguvu kuliko neno la mzee wa miaka 60. Tungekuwa na adabu ya kazi tungeanza kwa kusoma daftari lililopo kabla ya kulidharau. Kurasa za nyuma pia.

Basi, kuanzia sasa, ukiniita kukuandikia programu ya duka la familia, haya ndiyo masharti yangu. Usiyapende, tafuta mwingine.

1. Akaunti ya kwanza kufunguliwa ni ya "Nyumbani". Baba, mama, watoto, shangazi, kila mmoja na jina lake. Kinachotoka kinaandikwa kwa bei ya kununulia. Hakuna anayedaiwa, lakini hakuna asiyeonekana.

2. Pesa ya duka inaingia kwenye nambari ya duka ya Lipa na M-Pesa. Haiingii kwenye simu ya kijana "halafu nitaituma". Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 sijaona njia rahisi kuliko hiyo ya pesa ya kaunta kupotea bila mwizi.

3. Kila anayefanya kazi ana mkataba na hati ya mshahara, pamoja na watoto wa mwenye duka. Ukifanya kazi dukani, una mshahara uliotajwa. Kama hufanyi kazi, wewe ni mgeni, karibu kiti.

4. Mikopo ya mishahara inarudi, ila kwa kanuni iliyobandikwa ukutani: kiasi gani, mara ngapi, inakatwaje. Wema wa mzee tuuhifadhi, tuutoe tu kwenye hali ya moyo wake.

5. Ripoti ya upungufu haimfukuzi mtu. Inaanzisha maswali, na swali la kwanza linakwenda nyumbani.

Nilidhani ami atakataa la kwanza. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Aliyekataa ni binamu, yule wa mfumo, yule wa utaalamu. Ilichukua mwezi mzima na maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hatimaye tuliwasha safu ya "Nyumbani", na mwezi wa kwanza ilionyesha kwamba tunachochukua sisi wa ukoo kinazidi mishahara ya wafanyakazi wawili. Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimo. Ndoo 1 ya rangi nyeupe, chumba changu cha kazi, Februari. Mzee wa Stoo alikuwa ameniandika. Mimi nilikuwa nimesahau.

Ami aliitazama ile ripoti kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ni sisi." Binamu hakusema kitu, lakini tangu siku hiyo naona jina lake linaandikwa.

Ombi namba 7 sasa limefungwa. Pembeni yake nimeandika tarehe liliyoletwa, tarehe lililokamilika, na nani aliyeliomba. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi 5, na mtu mmoja aliyefanya kazi miaka 22 akatoka kwa mlango wa mbele, wateja wakimtazama.

Wewe unayesoma na una duka la familia, leo jioni usininunulie programu. Nenda stoo, tazama nyuma ya mlango.